Dumu la petroli linavimba kati ya Moshi na Arusha, likifika limepungua lita: ni fizikia au ni dogo?

#1 MkulimaWaNyanya
Wakuu habari za jioni. Naishi Moshi, shamba la nyanya liko Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha. Pampu ya kumwagilia inakula petroli. Mafuta najaza Moshi kwa sababu bei elekezi ya Moshi huwa chini kidogo kuliko ya Arusha, na kituo kiko karibu na kwangu. Anayepeleka ni mtoto wa dada yangu, na pikapu. Dumu ni la plastiki, la njano, lita 20, na chini ya mfuniko naweka nailoni ili lisivuje.

Kila likifika limevimba. Kitako kimetoka nje mpaka dumu haliwezi kusimama, linayumba. Ukilegeza mfuniko linatoa upepo kwa nguvu, harufu inajaa banda zima. Halafu ukipima, pungufu karibu lita nzima. Dogo anasema, "Mjomba, imepaa. Arusha ni juu, hewa nyepesi."

Swali: petroli inaweza kweli kupaa lita nzima ndani ya dumu lililofungwa, kwa safari ya kilomita 80 hivi? Au nafanywa mjinga?

#2 chalii_wa_mbauda
Petroli haijapaa, imeingia kwenye pikipiki ya dogo. Uzi ufungwe.

#3 KiboshoJuu
Mangi anasafirisha petroli kutoka Moshi mpaka Ngaramtoni ili aokoe shilingi kadhaa kwa lita, halafu anapoteza lita nzima. Nimekaa pale, nasubiri wataalamu.

#4 Mwalimu wa Kemia
Dogo hajadanganya kote. Moshi mjini ni kama mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, Arusha ni kama mita 1,400. Kwa tofauti hiyo mgandamizo wa hewa unashuka kama asilimia 6. Chochote kilichofungwa na hewa ya Moshi ndani yake kitataka kutanuka ukikifikisha Arusha.

Jaribu kinyume chake. Kunywa chupa ya maji ukiwa Ngaramtoni, imalize, funga kizibo vizuri, iweke kwenye gari. Ukifika Moshi utaikuta imebonyea pembeni na hakuna aliyeigusa.

#5 mbishi_wa_Pasua
Mwalimu, kwa heshima zote, asilimia 6 haisukumi kitako cha dumu la plastiki gumu kikatoka nje. Mimi napeleka maji ya betri Arusha kwenye madumu ya aina hiyohiyo, pikapu hiyohiyo, barabara hiyohiyo. Hayavimbi. Labda mfuniko unakaza kidogo, basi. Kama ni mwinuko, mbona maji hayajui kwamba yamepanda?

#6 Fundi Kabureta
Mbishi leo kaongea. Hilo ni joto. Petroli si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa vitu vingi, vyepesi na vizito. Vile vyepesi vinaanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi, vizito mpaka karibu nyuzi 200. Sasa dumu limekaa nyuma ya pikapu, bodi ya bati, jua la Boma Ng'ombe saa saba mchana. Bati hilo ukiligusa unaondoa mkono. Unategemea nini?

Dawa yake: safirisha alfajiri, funika na turubai jeupe au magunia, utaona tofauti.

#7 Mwalimu wa Kemia
@mbishi_wa_Pasua hoja yako ya maji ni nzuri, na ndiyo inayomaliza ubishi. Kila kimiminika kina nguvu yake ya kutoa mvuke. Kwenye nyuzi 38, maji yanasukuma kwa kilopaskali 6 na ushee tu. Petroli ya kawaida kwenye joto hilohilo inasukuma kwa kilopaskali 50 hadi 60. Hewa yote ya Arusha inatugandamiza kwa kama 86. Kwa hiyo ndani ya dumu kuna hewa uliyoifungia Moshi, halafu juu yake mvuke unaongeza mzigo wake. Mwinuko unachangia, joto linachangia zaidi, na mtikisiko wa gari unaharakisha mvuke kutoka. Vyote vitatu vinasukuma upande mmoja.

#8 MkulimaWaNyanya
Asante mwalimu. Kwa hiyo dogo hana kosa?

#9 Mwalimu wa Kemia
Kwenye kuvimba hana kosa. Kwenye lita, hapo sasa tupige hesabu.

Chukulia juu ya mafuta kuna nafasi ya lita 2. Mvuke wa petroli ukijaa hiyo nafasi, kila lita ya nafasi ina gramu moja au moja na nusu ya petroli. Ukifungua, upepo wote ule uliokutisha umeondoka na gramu 2 au 3. Hicho ni kijiko kidogo cha chai, tena hakijajaa. Ili upoteze lita nzima kwa njia hiyo itabidi ufungue na kufunga dumu mara mamia. Harufu inadanganya, pua inanusa kidogo sana inadhani ni pipa.

#10 chalii_wa_mbauda
Narudia. Uzi ufungwe.

#11 BabaNeema
Usifungwe. Mmesahau petroli yenyewe inatanuka na kusinyaa, acha mvuke. Inabadilika kama asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja. Lita 20 zikipoa kwa nyuzi 10 zinapungua kama mililita 200, ujazo wa glasi. Tangi la kituo liko chini ya ardhi, joto lake halibadiliki sana. Asubuhi ya Ngaramtoni mwezi wa saba unajua ilivyo.

#12 mbishi_wa_Pasua
Lakini mkuu, dumu linafika mchana likiwa la moto! Kwa hesabu yako angetakiwa akute yameongezeka, si kupungua. Unamtetea dogo kwa kitu kinachomkaanga.

#13 BabaNeema
Inategemea amepima saa ngapi. Mwenye uzi, unapima mchana au kesho yake?

#14 MkulimaWaNyanya
Kesho yake asubuhi mara nyingi, kabla ya kuwasha pampu. Napima kwa kidumu cha lita 5 cha mafuta ya kula. Natakiwa nijaze vinne. Cha nne hakijai.

#15 KiboshoJuu
😂😂😂 Kipimo ni kidumu cha mafuta ya kula!

#16 mbishi_wa_Pasua
Hapo nimeshika mwizi. Kidumu cha "lita 5" ukikijaza mpaka mdomoni kinabeba zaidi ya lita 5, kiwandani wanaacha nafasi juu. Kikibeba 5.3, vitatu tu vimeshameza karibu 16, cha nne kinabaki na 4 na kidogo. Lita yako imepotelea ndani ya kidumu chako mwenyewe.

#17 MkulimaWaNyanya
Sijazi mpaka mdomoni, naishia shingoni. Na nikipeleka mwenyewe nikapima kwa kidumu hichohicho inakuja karibu na nne kamili. Sasa mbishi nieleze, kidumu kinajua nani kaendesha?

#18 BabaNeema
Hapo sasa. Na kama wasiwasi ni pampu ya kituo, pampu hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kuwekwa stika na lakiri. Angalia stika ina tarehe gani kabla hujamsakama mtoto wa watu.

#19 Muuza Mafuta
Nipo kituoni kila siku, ngoja niseme upande wetu. Dumu likijazwa kwa kasi petroli inatoa povu, mtu anaona limejaa, kumbe povu likishuka kuna pengo. Halafu wateja wanapenda kusema "jaza mpaka juu". Usijaze mpaka juu. Acha nafasi, maana hayo mafuta yakipata joto yanatanuka na yasipopata pa kwenda yatapita kwenye uzi wa mfuniko. Labda lita ya mzee imelowa kwenye bodi ya pikapu njiani.

Na kitu kingine: dumu likiwa bado juu ya pikapu, usijaze humohumo. Lishushe chini, ligusane na sakafu, na mdomo wa bomba uguse mdomo wa dumu muda wote. Kuna umeme tuli. Mafuta yakipita kwenye mpira yanabeba chaji, plastiki haiiruhusu kutoka, na likiwa juu ya kapeti au plastiki ya bodi ndiyo kabisa. Cheche ndogo ambayo hata huioni inatosha. Ndiyo maana vituo vingi vinakataa madumu ya kawaida, tukikukataza usinune.

#20 chalii_wa_mbauda
Na ile ya "zima simu" nayo ni umeme tuli? Mbona mnapokea malipo kwa simu palepale kwenye pampu?

#21 Muuza Mafuta
Hahaa chalii, umenipata. Lakini kanuni ni kanuni.

#22 Fundi Kabureta
Kuhusu simu, Marekani waliwahi kufuatilia moto mwingi uliotokea watu wakijaza mafuta, na kilichokuwa kinajirudia ni umeme tuli: mtu anaacha bomba kwenye tangi, anarudi kukaa kwenye kiti, nguo zinasuguana, anashuka anashika bomba, cheche. Simu hawakuipata na hatia. Ila mtu anayeongea na simu huku anajaza mafuta haangalii mafuta yanakwenda wapi, kwa hiyo mimi naunga mkono izimwe.

#23 Mama Lishe Kilombero
Nyie mnahesabu vijiko, mimi niwaambie nilichokiona. Pembeni ya kibanda changu kuna kijana anatengeneza pikipiki. Siku hiyo ameweka petroli kwenye karai anaosha mnyororo, brashi mkononi, anapiga stori. Jiko langu la mkaa lilikuwa mbali, kati yetu kuna benchi ya wateja na njia ya kupita watu. Hakuna aliyewasha kiberiti. Nilichoona ni moto unatoka kwangu unakwenda kwake, chini kwa chini, mwembamba, rangi ya bluu, unapita chini ya benchi katikati ya miguu ya watu. Haukuwa na kelele. Ulipofika kwenye karai ndiyo ukasema "buf".

Mwanangu akamwaga ndoo ya maji. Moto ukapanda juu ya maji ukatembea nayo mpaka mtaroni. Aliyetuokoa ni baba mmoja muuza viazi, alileta gunia la mchanga la kuzuia turubai lake akalitapanya juu. Kijana aliungua mkono, amepona, ila vidole viwili havikunji vizuri.

#24 KiboshoJuu
Pole sana mama. Hii stori imenisisimua.

#25 Mwalimu wa Kemia
Mama ameeleza vizuri kuliko kitabu changu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara 3 hadi 4. Haupandi, unashuka, unatambaa chini, unatafuta mtaro, shimo, chumba cha chini. Ukikuta moto mahali, unawaka na kurudi ulikotoka.

Petroli inatoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo hata kwenye theluji ya Kibo ingewaka. Mafuta ya taa yanahitaji yafike nyuzi 38 hivi, dizeli zaidi ya 52. Na mvuke wenyewe unawaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ndani ya hewa. Chini ya hapo ni mchache mno, juu ya hapo ni mwingi mno, hewa haitoshi. Ndiyo maana dumu "tupu" lenye matone machache ni hatari kuliko lililojaa. Lililojaa halina hewa ya kuchanganyika, tupu linayo.

#26 Fundi Kabureta
Hilo la dumu tupu andika kwa herufi kubwa. Kuna fundi wa kuchomelea aliletewa tangi la pikipiki limetoboka, "tupu kabisa bosi". Sitaki kusimulia mwisho wake. Tangi likitaka kuchomelewa linaoshwa na maji na sabuni, linajazwa maji, linaachwa nafasi ndogo tu panapochomelewa. Na bado mimi nakataa, nabandika gundi ya chuma.

#27 mbishi_wa_Pasua
Mwalimu, kama dizeli ni mpaka 52, mbona malori ya dizeli yanaungua barabarani kila siku?

#28 Mwalimu wa Kemia
Kwa sababu yakimwagika kwenye injini ya moto yanapita hizo nyuzi bila shida. Nimesema ni ngumu kuwaka ikiwa ya baridi, sijasema haiwaki. Wewe bwana.

#29 mdada_wa_Majengo
Hii ya mafuta ya taa na petroli inanikumbusha jirani aliyeweka petroli kwenye jiko la mchina kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa yameisha dukani. Aliona yote ni mafuta. Dari mpaka leo ni jeusi. Watoto walikuwa nje, Mungu ni mwema.

#30 MoroKwetu
Mnaongea petroli bila kutaja Msamvu? Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka pale Morogoro, watu wakakimbilia na ndoo na madumu kuchota. Likalipuka. Waliofariki walipita 100. Mimi sikuwepo eneo, lakini mtaa wetu ulizika.

#31 chalii_wa_mbauda
Pole mkuu. Chanzo si ilisemekana sigara?

#32 MoroKwetu
Maneno yalikuwa mengi. Wengine sigara, wengine walisema mtu alikuwa anachomoa betri ya lori. Kwa mvuke ule, hata pikipiki moja kuwashwa ingetosha, na bodaboda walikuwa wamejaa. Mtu akiona lori limelala na linamwaga, akimbie upande upepo unakotoka, apige 114 akiwa mbali.

#33 Dereva Mstaafu
Vijana, hili la mvuke sisi tumelipigana miaka na miaka. Peugeot 504, abiria tisa, mizigo juu, unapanda kutoka Himo kwenda Marangu mchana. Katikati ya mlima gari linakohoa, linazima, mafuta yapo tele kwenye tangi. Petroli imechemka ndani ya pampu, bomba limejaa mvuke, kabureta inanyonya hewa tupu. Tulikuwa tunatembea na kitambaa na kopo la maji. Unafungua boneti, unalowesha kitambaa, unafunga kwenye pampu ya mafuta, unasubiri abiria wamalize kulalamika. Linawaka. Mwenzangu alikuwa anatumia ganda la ndizi mbichi, anaapa linapoza vizuri zaidi. Kule juu hewa ni nyepesi, petroli inachemka mapema zaidi, kwa hiyo mtoto wa huyo bwana anasema kitu.

#34 KiboshoJuu
Shikamoo mzee. Ganda la ndizi 😂 Wamarangu wangewanyima njia.

#35 Dereva Mstaafu
Marahaba. Na petroli ya siku hizo ilikuwa na madini ya risasi ndani, ilikuwa na nguvu. Hii ya sasa ni nyepesi, imekaa kupaa tu. Waliitoa risasi juzijuzi, 2021.

#36 BabaNeema
Mzee samahani, nisahihishe kidogo. Tanzania na nchi nyingine za kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi mwishoni mwa 2005. Hiyo 2021 ni Algeria, ndiyo ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuiuzia magari. Na risasi haikuwekwa kuzuia kupaa, iliwekwa injini isigonge.

#37 Dereva Mstaafu
Sawa mwanangu. Lakini ilikuwa na nguvu.

#38 Kijana wa Unga Ltd
Wote mnazunguka. Petroli imechakachuliwa. Dogo anatoa lita anauza, anaongeza mafuta ya taa, yanakuwa na gesi, ndiyo maana dumu linavimba.

#39 Fundi Kabureta
Mkuu, kinyume kabisa. Mafuta ya taa ni mazito, hayatoi mvuke wa maana. Ukichanganya, dumu lingevimba pungufu, si zaidi. Tena pampu ingetoa moshi, plagi ingekuwa nyeusi, na asubuhi ingegoma kuwaka. Na angeongeza, lita isingepungua!

#40 BabaNeema
Na hata faida yenyewe iko wapi? Enzi za kuchakachua mafuta ya taa yalikuwa bei ya chini. Serikali ikapandisha ushuru wake mwaka 2011 ili kuua mchezo huo, na vinasaba, yaani alama ya kemikali, vikawa vinawekwa kwenye mafuta kutambua yaliyochanganywa. Dogo atachanganya apate nini?

#41 Kijana wa Unga Ltd
Basi atakuwa ananyonya na mpira tu, hachanganyi.

#42 Nesi wa Zamu
Mmefika kwenye mpira, ngoja niingie. Tafadhali msinyonye petroli kwa mdomo. Tunawapokea, hasa vijana wa bodaboda na watoto waliokuta soda chupani kumbe ni petroli. Shida kubwa si tumbo, ni mapafu. Tone dogo likiingia kwenye njia ya hewa linachoma mapafu, mtu anakohoa, baada ya saa kadhaa anahema kwa shida na homa juu.

Na jamani, msimtapishe. Msimpe maziwa kwa lazima, msimwingize kidole. Akitapika, yanapita tena karibu na njia ya hewa, mnamuumiza mara ya pili. Mleteni hospitali na mseme amekunywa nini. Yakimwagika mwilini, vueni nguo zilizolowa, osheni kwa maji mengi. Akiungua, maji safi ya bomba yanayotiririka dakika 20, si dawa ya meno, si mayai.

#43 mdada_wa_Majengo
Bibi yangu angekupinga kwenye maziwa.

#44 Nesi wa Zamu
Na wangu pia, dada. Tuliyagawana naye: yeye maziwa ya chai, mimi wagonjwa.

#45 Fundi Kabureta
Nesi, na sisi tunaonawia petroli kutoa grisi?

#46 Nesi wa Zamu
Acheni. Inatoa mafuta ya ngozi, mikono inapasuka, na ina benzini ndani yake kidogo, ambayo inajulikana kusababisha saratani ya damu. Mafuta ya kula kidogo na sabuni ya unga vinatoa grisi vizuri tu.

#47 Fundi Kabureta
Sabuni ya unga nayo imepanda bei. Lakini nimekusikia.

#48 MkulimaWaNyanya
Wakuu nimerudi. Nimempigia dogo, sikumgombeza, nimemuuliza tu njia nzima anafanyaje. Anasema akifika Usa River dumu huwa limevimba, anaogopa litapasuka, kwa hiyo anasimama kando ya barabara analegeza mfuniko "kupunguza gesi". Mara nyingine likifunguliwa linarusha mafuta mpaka kwenye mashati. Anasimama pale wanapochoma mahindi kwa sababu kuna kivuli.

#49 Mwalimu wa Kemia
Wanapochoma MAHINDI?

#50 Mama Lishe Kilombero
Yesu na Maria. Kesho usimtume huyo mtoto.

#51 mbishi_wa_Pasua
Haya, sasa tunayo maelezo mapya: linarusha. Dumu limejaa, limetikiswa, lina presha, ukilifungua ghafla linatoa povu na mafuta pamoja, kama soda. Mwalimu, hesabu yako ya kijiko ilikuwa ya mvuke tu.

#52 Mwalimu wa Kemia
Kweli, hiyo sikuihesabu. Likirusha linaweza kutoa kikombe au zaidi. Lakini lita nzima kila safari? Shati lingekuwa limepauka rangi.

#53 chalii_wa_mbauda
Shati la dogo mnaliona? Mimi bado niko na pikipiki.

#54 BabaNeema
Jumlisheni: glasi ya kupoa, kikombe cha kurusha, kidumu cha mafuta ya kula kinachobeba zaidi. Inafika lita bila mwizi yeyote.

#55 mbishi_wa_Pasua
Na akiendesha mjomba mwenyewe lita haipungui. Hilo mnaliruka kila mara.

#56 MkulimaWaNyanya
Mimi huwa natoka alfajiri na sisimami Usa River. Sijui kama hilo linajibu.

#57 Dereva Mstaafu
Bwana, acha plastiki. Tafuta dumu la chuma, yale ya jeshi ya zamani ya lita 20, lina mfuniko wa kubana kwa komeo na nafasi ya hewa juu. Halivimbi kijinga. Na mizigo hiyo isikae ndani ya gari na watu, ikae nyuma, imefungwa isitembee, kivuli juu. Ukisimama, lishushe, ulegeze mfuniko taratibu, mbali na mkaa.

#58 Muuza Mafuta
Naunga mkono. Na usinunue ya kukaa. Petroli ikikaa miezi, vile vyepesi vinaondoka, inabaki nzito na inaacha gundi kwenye kabureta. Nunua ya wiki yako.

#59 Fundi Kabureta
Hizo gundi ndizo zinanilisha, msimwambie.

#60 MkulimaWaNyanya
Madumu hayo ya chuma yanapatikana wapi kwa hapa Moshi? Dukani nimeona mapya, bei yake inatisha kuliko lita ninayoibiwa.

#61 KiboshoJuu
Nenda Kiborloni siku ya mnada, upande wa vyuma chakavu. Fika mapema, kabla ya watu wa Himo.

#62 Fundi Kabureta
Angalia kutu ndani, mulika na tochi (ya betri, si kiberiti, nakufahamu). Na uliza kama mpira wa mfuniko upo. Bila mpira usilipe.

#63 chalii_wa_mbauda
Mimi ninalo moja la marehemu babu, mpira upo. Njoo inboksi tuongee bei. Ila anayekuja kulichukua ni dogo?

#64 MkulimaWaNyanya
Nakuja mwenyewe. Bei?

#65 chalii_wa_mbauda
Elfu arobaini, na lina stika ya zamani ya kampuni ya safari.

#66 MkulimaWaNyanya
Ishirini. Stika bandua ubaki nayo.